Vifungo, vikombe vya kahawa na karatasi ya msasa

Ukitaja Montessori, ile mbinu ya kufundisha watoto wadogo kwa kazi za mikono, mbele ya wazazi wa Nairobi, la kwanza kuulizwa ni karo. Jina hilo limejaa kwenye mabango ya shule za chekechea, na mara nyingi panapoandikwa, karo nayo hupanda. Mimi ni fundi cherehani. Naishi Majengo, Pumwani, na mama yangu pamoja na binti yangu anayekaribia miaka mitano. Karo ya namna hiyo sikuwa nayo. Lakini kazi zenyewe, zile anazofanya mtoto kwa mikono yake, tumezifanya hapa nyumbani tangu akiwa hajatimiza miaka mitatu, na nyingi zimetoka kwenye kapu langu la mabaki.

Ilianza na oda. Mwalimu mmoja wa chekechea aliniletea fremu ndogo za mbao akitaka nizishonee vitambaa viwili viwili vinavyokutana katikati, kila fremu na namna yake ya kufungwa: vifungo vikubwa, vifungo vidogo, zipu, bizimu, kamba za viatu, utepe, pini. Nikamuuliza ni za nini. Akasema ni za watoto wa miaka mitatu kujifunzia kuvaa. Nikashangaa kwamba kuna mtu analipia hilo, na mwalimu, nadhani kwa kuuona uso wangu, akavuta kiti akaanza kunieleza.

Fremu zile ni za mbinu ya Maria Montessori, aliyezaliwa Italia mwaka 1870, akasomea udaktari Roma na kuhitimu mwaka 1896. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa vibarua huko Roma. Wazazi wakienda kazini, watoto ambao hawajafika umri wa shule walibaki kwenye majengo wakichafua kuta na kuharibu ngazi. Wenye majengo ndio waliotafuta mtu wa kuwakusanya mahali pamoja. Mwenye nyumba yeyote wa huku kwetu angeyaelewa hayo bila mkalimani. Nilipoyasikia, ile habari ya kwamba haya ni mambo ya watoto wa matajiri ikaniisha. Yalianzia kwa watoto wa wapangaji.

Oda ilipokwisha nikashona seti nyingine, ya nyumbani. Mafundi wa mbao wa Gikomba walinipigia fremu kwa vipande walivyokuwa wanavitupa. Fremu ya pini niliiacha. Kwenye nyumba ya fundi pini ni adui wa kila siku, na mtoto nimemfundisha tangu mapema kwamba akiiona sakafuni asiiguse, aniite.

Ugumu ulikuwa kwenye kuonyesha. Mwalimu alinielekeza nikae kando ya mtoto, nifungue vifungo vyote kuanzia juu, nifunue kitambaa upande mmoja kisha wa pili, nivirudishe, halafu nifunge kimoja kimoja, polepole, bila kusema neno. Mtoto wa umri huo ukimsemesha huku unamwonyesha, anageuka kukutazama mdomo na mikono inampita. Sasa mimi mikono yangu inalipwa kwa kasi. Nguo ya sikukuu inatakiwa jioni, na mteja amesimama mlangoni. Kuifundisha mikono hiyo isukume kifungo nusu, isimame, ikivute upande wa pili, isimame tena, kulichukua muda mrefu kuliko binti yangu kujifunza kifungo chenyewe.

Kilichonivutia kwenye fremu ni kwamba inajisahihisha yenyewe. Kifungo kikiingia tundu la jirani, mwishoni kinabaki kimoja kisichokuwa na pa kwenda, na mtoto anakiona. Hakuna anayemwambia kitu. Binti yangu alikuwa anakitazama kile kilichobaki, anakunja uso, anafumua vyote, anaanza upya. Mama yangu, ambaye humwita Somo kwa kuwa wanaitana jina, aliona ni mateso. “Mwanangu, si umwonyeshe tu tundu lake?” Tundu lake alilipata mwenyewe, na baada ya hapo akawa hashikiki. Mteja mmoja alikuja kuchukua koti akalikuta limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, kwenye hanga, na sikuwa mimi niliyelifunga.

Kazi ya pili ni ninayoipenda kuliko zote, pengine kwa sababu ni ya ufundi wangu. Kila mshono huacha vipande. Nilikata vya ukubwa wa kiganja, kila kitambaa vipande viwili, nikaviweka kwenye kisanduku. Mtoto anavigusa, anatafuta kinachofanana na mwenzake, anavipanga jozi jozi juu ya mkeka. Akishazoea, anafungwa macho kwa leso na kufanya hivyo hivyo kwa vidole pekee. Ukianza, anza na vitatu vinavyotofautiana waziwazi. Sisi tulianza na mahameli, jinzi na bitana. Baadaye nikaongeza sufu, kaki, hariri, na mwisho kabisa kitenge na leso, ambavyo ni pamba vyote viwili na vinamchanganya hata mtu mzima aliyefungwa macho. Najua, kwa kuwa nilimfunga jirani yangu akavikosa.

Majina ya vitambaa alijifunza kwa hatua tatu ambazo Montessori alizichukua kwa Édouard Séguin, daktari Mfaransa aliyefundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Unaweka viwili au vitatu mbele yake. Kwanza unataja: hii ni mahameli, hii ni jinzi. Pili unaomba: nipe mahameli, weka jinzi mapajani kwa Nyanya. Tatu unauliza: hii ni nini? Hatua ya pili ndiyo ya kukaa nayo, icheze uwezavyo. Watu wazima tunaparamia ya tatu, kwa sababu tunataka kusikia jibu ili tujue kama tumefundisha. Mtoto akishindwa kwenye ya tatu, unafunga kisanduku kwa furaha na kurudi kwenye ya kwanza siku nyingine. Leo Somo akishika nguo ya mgeni husema, “Hii ina bitana,” na wageni wengine hawajui kama nguo yao ina bitana.

Jikoni ndiko tulikogombana. Mwalimu aliniambia watoto huanza kumimina kwa vitu vikavu, kikombe hadi kikombe, kabla ya kupewa maji. Nikampa mchele. Mama alipoona mchele unamwagwa kutoka kikombe kimoja hadi kingine, unarudi, unakwenda tena, na punje zinaruka mkekani, alikuja akauchukua wote. “Chakula hakichezewi.” Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo naona alikuwa na haki. Mtu aliyewahi kukopa kilo ya unga dukani hawezi kukaa akatazama nafaka ikifanywa mchanga.

Basi tukageuza. Punje yoyote inayopita mikononi mwa mtoto ni ile inayokwenda chunguni siku hiyo. Mchele wa usiku anauchambua yeye kwenye sinia, na mawe anayaona kabla yangu, maana watoto wa umri ule wana kipindi cha kuvutwa na vitu vidogo mno. Montessori aliliandika jambo hilo, na kila mama aliyemkuta mwanawe amechuchumaa akimtazama siafu analijua. Minji anaitoa kwenye maganda. Maharagwe anayatenga, mazima huku na yaliyotobolewa kule. Mayai ya kuchemsha anayamenya, na yai la kwanza lilibaki kiini tu. Sinia imetufaa kuliko kifaa chochote cha dukani: kazi ina mipaka yake, kilichomwagika kimemwagika ndani, na ikiisha inabebwa yote kwa pamoja na kurudishwa mahali pake. Mama sasa ndiye anayeita, “Somo, njoo tuchambue.”

Maji yana habari yake. Huku kwetu yanakuja kwa zamu, na siku yasipokuja tunaishi na ya mitungi. Picha za watoto wa ng'ambo wakimimina maji kutoka jagi hadi jagi asubuhi nzima hazikupigwa kwa ajili yetu. Sisi tunapima birika nusu. Anamimina juu ya besheni, na yanayobaki kwenye besheni yanafuta meza, kisha yanapiga deki kizingitini. Kwa hiyo kazi moja imezaa tatu, na ile ya kukamua kitambaa ndiyo aliyoipenda kupita kumimina kwenyewe. Kukamua kunatia nguvu kifundo cha mkono. Mkono huo huo ndio utakaoshika penseli baadaye, na hilo nililipenda kulijua kwa sababu lilinipa jibu kwa majirani waliouliza kwa nini mtoto mdogo hivyo anafua vitambaa vyangu vya kufutia chaki.

Vikombe nilivyohitaji vilikuwemo kabatini tangu zamani: vikombe vya kahawa vya mama, vile vya udongo visivyo na mkono. Vinaenea kiganja cha mtoto sawasawa. Montessori alitaka watoto wapewe vyombo vya kweli, vinavyovunjika, kwa sababu cha plastiki kikianguka hakimwambii mtoto lolote. Kumshawishi mama kuhusu vikombe vyake ilikuwa kazi nyingine. Kimoja kilivunjika. Niliokota vigae mimi, Somo akaleta ufagio wake mfupi akafagia vumbi lililobaki, na mama akanyamaza kimya ambacho nakijua. Tangu hapo mtoto anakibeba kikombe kwa mikono miwili, anatembea akikitazama, na kahawa ya jioni ya nyanya yake anaipeleka yeye.

Ule mnara wa waridi wa Montessori unaouzwa, wenye vipande 10 vya mbao kuanzia sentimita 1 hadi 10, sikuununua wala kuupigisha. Tuna sufuria za Kamukunji zinazopachikana moja ndani ya nyingine. Akiruka moja, ile iliyobaki haiingii popote. Kelele ni kubwa, siwezi kukataa.

Msukumio mdogo wa chapati, huo niliupigisha Gikomba, na ndiyo pesa niliyoitumia bila kuinung'unikia. Chapati zake haziwi duara. Huliwa kwanza.

Kuna sheria moja ya mbinu hii iliyotusumbua sana. Mtoto akizama katika kazi, usimkatize, hata kwa sifa. Wala usimpigie makofi. Mama yangu hana uwezo huo, mtoto akiweka kipande mahali pake yeye hutoa “Mashaallah!” ya kusikika hadi kwa jirani, na Somo hunyanyua kichwa, hutabasamu, na uzi umeshakatika. Hilo tulilimaliza kwa maelewano: anaisema moyoni, anaitoa kazi ikirudishwa kwenye rafu. Gumu zaidi ni wageni. Nyumba yetu haikauki watu, na mkubwa akiingia mtoto husimama akaamkia. Je, nimwache aendelee na vitambaa vyake mgeni amesimama? Mwalimu angesema nimwache. Mimi nilimwinua. Anasema shikamoo, anabusu mkono, anarudi mkekani. Na hurudi kweli, tena pale pale alipoachia. Naamini utulivu wa mtoto aliyelelewa kwenye nyumba yenye watu si sawa na wa mtoto wa nyumba kimya, na sioni kwa nini wa kwake uwe pungufu.

Tuliachana na Montessori pia kwenye hadithi. Yeye hakupenda watoto wadogo walishwe mambo ya kubuni. Aliona kabla ya miaka sita wanahitaji kwanza kuujua ulimwengu ulivyo, kisha ndoto zifuate. Nimeifikiria hoja hiyo na siidharau. Lakini taa zikizimika mtaani, mama akasema “Paukwa!” na mtoto akajibu “Pakawa!”, sitakuwa mimi wa kumzuia sungura asiseme. Wala sijaona kama mtoto anachanganyikiwa. Nilimuuliza kama sungura husema kweli, akanitazama kwa huruma.

Kwenye herufi, Kiswahili kimetupendelea. Kifaa chake ni karatasi ya msasa, ile ya seremala, unayoipata duka lolote la vifaa vya ujenzi. Unakata herufi, unaigandisha kwenye kipande cha kadibodi, mtoto anaipitisha vidole viwili kwa njia ile ile mkono utakayopita ukiandika, huku akitoa sauti yake. Chagua msasa laini. Ule mkali unaumiza ngozi ya mtoto na baada ya siku chache hataki kuugusa. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti moja tu, popote utakapoikuta. Mtoto akishajua a, e, i, o, u, pamoja na m, s na t, tayari anazo mama, meza (ukimwongezea z), sita, tatu, soma. Sisi tulitaja sauti pekee, “mmm”, bila jina la herufi. Ch, sh, ny, dh, gh na ng' kila moja niliiweka kwenye kadi yake, herufi zake zikiwa zimegandishwa pamoja, kwa sababu kwa sikio la mtoto ni sauti moja.

Halafu nikakata herufi ndogo ndogo nyingi kwa vitambaa vigumu, irabu za rangi moja na konsonanti za nyingine, azipange mkekani. Kwa mbinu hii mtoto huunda maneno kabla ya kuyasoma. Nilidhani ni kinyume, mpaka nilipomsikia akijitamkia “s-i-n-i-a” huku akitafuta vipande, kisha neno likiwa limekamilika mbele yake nikamwomba alisome, akashindwa. Kulijenga neno ambalo tayari unalo kichwani ni rahisi kuliko kulitegua la mtu mwingine. Kusoma kulikuja baadaye, na kulikuja ghafla, kwenye kibandiko cha uzi wa kushonea.

Mwaka huu ameanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Shule yake ni ya kawaida, watoto ni wengi, na herufi zinafundishwa kwa majina ya Kiingereza. Kwa wiki kadhaa alirudi akiniuliza kwa nini mwalimu anaiita “a” jina lingine. Nikamwambia herufi ina jina na ina sauti, kama paka ana jina na ana mlio. Akaridhika zaidi kuliko nilivyotarajia. Mtaala wa umilisi wa Kenya, uliosambazwa nchi nzima mwaka 2019, kwenye karatasi unataka watoto wa PP1 na PP2 washike, wapange, wacheze. Mwalimu mwenye darasa lililojaa ana lake la kusema, nami simlaumu. Alichonilalamikia kuhusu Somo ni kwamba uji ukimwagika anainuka bila ruhusa kutafuta kitambaa.

Hesabu tulizifanya kwa vifungo. Vikombe 10, sifuri hadi tisa, na vifungo 45 kamili. Mtoto anatia kila kikombe idadi yake. Akihesabu sawa, vinakwisha na hakibaki hata kimoja, na kikombe cha sifuri kinabaki kitupu. Sifuri ndiyo iliyomchekesha. Alikuwa anakiinamisha kikombe kile kwa kila mgeni ili aone hakuna kitu.

Mahali petu ni padogo: chumba, sebule, na cherehani inayokula robo ya sebule. Rafu ni kreti mbili za matunda za Marikiti zilizolazwa ubavu, nikazipiga msasa zisichome. Kazi sita zinakaa pale, si zaidi, kila moja kwenye sinia au kikapu chake. Nyingine ziko chini ya kitanda, zinapokezana. Mkeka ukitandikwa, hapo ni mahali pa kazi pa mtu, na hata mimi napita pembeni. Watoto wa majirani wameizoea kanuni kwamba kila kazi iko moja tu, anayeitaka anasubiri. Wanasubiri vizuri kuliko wateja wangu. Kuzunguka cherehani nimebandika utepe mwekundu sakafuni, na mkasi mkubwa unalala juu ya kabati.

Linalobaki kati yangu na mama ni kisu. Ndizi anakata kwa kisu cha kupakia siagi, tangu zamani. Sasa anataka kukata matango na nyanya za kachumbari, na kile butu kinaziponda. Mimi nasema apewe kidogo chenye makali ya kutosha, nikae kando yake, ajifunze kukunja vidole. Mama anasema angoje meno ya mbele yang'oke. Tumebishana kutwa nzima ya Ijumaa, kachumbari imekatwa na mama, na Somo ameamua kwamba hataila.